Jani la Mwisho Mzigoni

Sogeeni motoni, hadithi haiwapendi wanaokaa mbali. Mmesogea? Haya.

Juu ya Kibo palikuwa na Zimwi la Theluji. Siku mtu mmoja alipolirushia mkuki, lilikasirika, likakikalia chanzo cha mto, na migomba yote huku chini ikaanza kunyauka.

Binti mmoja, Mkunde, akasema, "Nitapanda mimi."

Akaanza kujiandaa. Akajaza majani makavu ya migomba ndani ya vazi lake la ngozi, baridi isipenye. Akafunga ndizi zilizokaushwa. Akatia makaa ya moto chunguni. Mwisho akachuma jani la isale, lile ambalo kwetu Uchagani ukiombwa nalo msamaha, huwezi kukataa.

Baba yake mdogo, ndiye aliyerusha ule mkuki, akacheka. "Jani? Kwenye theluji? Chukua mkuki, mwanangu!"

"Mkuki ulishakwenda, baba mdogo. Ulituletea nini?"

Akapanda siku nyingi, theluji ikimfika kiunoni. Zimwi likanguruma, "Una nini?"

Akatoa ndizi. Likameza.

"Una nini tena?"

Akatoa chungu cha makaa. Likameza, moshi ukalitoka masikioni.

"Una nini tena, kabla sijakumeza wewe?"

Akatoa isale. "Nyumba yetu inaomba msamaha."

Zimwi likalitazama lile jani, likalia kwa hasira. "Ewe binti! Hili silimezi." Likainuka.

Maji yakamtangulia Mkunde nyumbani. Alipofika, alimkuta baba yake mdogo amesimama mtoni, miguu imelowa, ameshika isale kwa mikono miwili.

Mkunde akalipokea. Angekataaje?