Nani Ampe Jina Mtoto wa Tusekile?

Tegeni masikio, na mwepesi wa kukata shauri leo ajizuie kidogo, maana shauri hili limewashinda wenyewe.

Kule Tukuyu palikuwa na watu watatu wa nyumba moja. Anyosisye alijaliwa mikono: alikuwa fundi wa kushona viti vya magari. Dada yake, Sekela, alijaliwa elimu, naye alikuwa muuguzi wa kliniki ya wajawazito. Mama yao, Bi Ngabagila, alijaliwa ulimi. Tusekile alikuwa mke wa kaka yao, Lusajo. Wote watatu walimpenda, na wote watatu walimchosha.

Mimba yake ilikuwa ya miezi saba alipotakiwa kwenda Mbeya kwenye harusi ya mdogo wake. Lusajo alikuwa na gari kuukuu. Viti vyake vya nyuma vilivalishwa kava nene, na vifungio vya mikanda vikazikwa chini yake.

"Nyuma hakuna askari anayeangalia," alisema Lusajo.

Anyosisye alifumua kava, akachimbua vifungio, akakuta mkanda mmoja umekwama kwa vumbi la miaka. Akaufungua, akausafisha, akauvuta mpaka ukaanza kuteleza. Siku nzima ikaishia hapo. Tusekile, aliyetaka waondoke mchana, alimsimamia mikono kiunoni.

"Shemeji, gari hili unalitengeneza au unalizaa upya?"

Kesho yake alfajiri Sekela akaja na kiti cha mtoto ambacho wanawe walikuwa wamekua wakakiacha. Akamfunga humo Gwantwa, binti wa Tusekile wa miaka minne, maana mkanda wa mtu mzima ungempita shingoni. Kisha akageuka, akamkuta mama mtu amejifunga katikati ya tumbo.

"Hapo unamkaba mtoto, wifi. Kipande cha chini kikae chini ya tumbo, kwenye nyonga. Cha juu kipite kati ya matiti, kishukie kando ya tumbo."

Akamfungua na kumfunga mara tatu. Tusekile aliuma meno.

Lusajo akaondoka na mama yake, mkewe na bintiye. Walipofika Kiwira, uvumilivu ulikuwa umemwisha Tusekile. Jasho, mkanda unawasha, mateke tumboni. Lusajo aliposimama kununua maji, Tusekile akaufungua mkanda wake. Bi Ngabagila, aliyekaa mbele, aliusikia mlio. Lusajo aliporudi na kuwasha gari, mama yake akafungua mlango, akatoa mguu nje.

"Zima gari."

"Mama, tutachelewa harusi!"

"Na tuchelewe. Huyo wa tumboni hana mikono ya kujifunga. Mpaka mamaye amfunge, mguu wangu hauingii."

Robo saa nzima! Wauza ndizi wakaanza kusogea kutazama. Tusekile akaufunga mkanda vile alivyofundishwa, machozi ya hasira yakimlengalenga. Hakuwa amekubali. Alitaka tu yule mama anyamaze.

Hawakwenda mbali. Lori lililokuwa likipanda mlima mbele yao liliishiwa nguvu, likaanza kurudi nyuma. Lusajo akakwepa, gari likachomoka barabarani na kugonga ukingo wa mtaro. Vioo vikamwagika. Kisha sauti ya Gwantwa ikasikika: "Mama, kiatu changu kimetoka!"

Wote walikuwa wazima. Tusekile alibaki na michubuko nyongani na kifuani. Hospitali wakampima tumbo, na moyo wa mtoto ulikuwa ukidunda sawasawa.

Miezi miwili baadaye akazaliwa mtoto wa kike. Lusajo, kwa furaha, akatangaza kwamba aliyemwokoa mtoto ndiye atakayempa jina. Hapo ndipo alipoharibu.

"Bila mimi mngefunga nini? Kava?" aliuliza Anyosisye.

"Angejifunga tumboni," alisema Sekela, "na mkanda huohuo ungemuua mtoto. Mikanda yako ilihitaji akili, kaka."

Bi Ngabagila akacheka. "Mkanda mzima, mafunzo mazuri, na mkwe wangu amekaa kama gunia la mahindi! Nani aliyemfanya ajifunge?"

"Aliyejifunga ni mimi," alisema Tusekile. "Mimi sihesabiwi?"

"Wewe ulilazimishwa," wakamjibu kwa pamoja.

Wiki ya tatu ikaingia. Kwenye kadi ya kliniki bado paliandikwa "Mtoto wa Tusekile". Anyosisye aliacha kuja kula, Sekela na mama yake hawasalimiani, na Lusajo, aliyeyazua yote, akasema, "Mke wangu, amua wewe."

Tusekile alimpakata mtoto akiwatazama wote wanne, asijue amkasirikie nani kwanza. Akimchagua mmoja, wawili watanuna maisha. Akimpa jina yeye mwenyewe, watanuna wote watatu.

Haya, ninyi mlionisikiliza: mikono, elimu, ulimi, au yule aliyejifunga kwa hasira? Je, wewe ungemwachia nani atamke jina la mtoto huyu?