Globu Mbili za Bi Swabaha

Wahenga hawakupiga domo walipotuonya juu ya mwiba. Anayeudharau kwa udogo wake huja akachechemea, na mguu ukishavimba, udogo wa mwiba haumpunguzii uchungu. Wenye vyeti wa gereji moja ya Ganjoni, Mombasa, walifunzwa hayo mwaka wa 1996, na aliyewafunza ni mwanamke aliyewafagilia sakafu.

Dama, binti wa Kigiriama, alifagia gereji hiyo miaka sita. Alitupiwa pia kazi ya kubadilisha globu za taa, kwani fundi mwenye diploma haoni fahari kushika globu. Mkono wake ukiwa kwenye globu, jicho lilikuwa kwenye waya. Siku Oliver, msimamizi wa gereji, alipomkuta akipima umeme, alimfukuza kama mwizi. Dama hakulia, wala hakusahau. Alisimamisha turubai nje ya ukuta ule ule, akatengeneza waya za magari, na wateja wakamiminika kama siafu.

Asubuhi moja gari la Bi Swabaha, mteja wa siku nyingi, lilikuwa limelala gerejini siku ya tisa. Kile kifaa kinachoshika mwendo chenyewe, dereva akaondoa mguu kwenye mafuta, kilikuwa kimegoma. Kwa goti lake bovu la kulia, safari ya kila wiki hadi Voi ilikuwa mateso bila kifaa hicho. Oliver alisema komputa ya gari imekufa, iagizwe Japani, miezi mitatu.

"Miezi mitatu! Na goti langu utalibeba wewe?" Bi Swabaha alimaka. "Niitieni Dama."

Dama alipoingia, mafundi wakaangua kicheko. "We Dama, ufagio umeuacha wapi?"

"Pale pale mliponipokonya. Tangu siku hiyo hapana aliyeushika, buibui wamejenga."

Oliver alikunja uso. "Ukishindwa, ng'oa turubai leo hii, usionekane tena ukutani kwangu."

"Na nikiweza?"

"Kaa mpaka uzeeke!"

Dama alitazama fyuzi: nzima. Akamwomba Bi Swabaha akanyage breki, naye akazunguka nyuma. Kiza. Akachomoa globu mbili za breki; zote nyeusi kama masizi. Akagusisha taa yake ya kujaribia mahali zilipokuwa, ikawaka.

"Umeme unafika, na komputa yenu hai," akasema. "Gari hili huipima njia ya breki kupitia globu hizi. Zikiungua zote haliamini breki, na lisipoamini breki halikubali kushika mwendo. Nani hukagua globu hapa?"

Aliyezikagua walimfukuza.

Akatia globu mpya, wakatoka kulijaribu gari, Oliver naye ndani. Walipovuka daraja la Makupa, Bi Swabaha alibonyeza kitufe, akaondoa mguu. Gari likashika mwendo bila kutetereka. Dama alikaa kifua mbele. Kiti cha nyuma, Oliver aliinamia mbele akachungulia mguu wa Bi Swabaha.

"Oliver mwanangu," Bi Swabaha akasema, "vyeti vyako vizuri, ila huko ulikovitundika ukutani haviwaki."

Kesho yake Oliver aliinama mwenyewe chini ya turubai, waya mkononi, akauliza kwa adabu, "Fundi Dama, hii nayo inakwenda wapi?" Dama alimwonyesha. Asiseme mtu ilikuwa bahati: mdharau mwiba mguu huota tende.