Kompyuta ya Kima Iliyovishwa Nguo

Paukwa.

Pakawa.

Hao ni watoto peke yao. Nyie wakubwa mliokalia viti vyangu, midomo mmeiacha kwenu? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na kompyuta. Usinicheke, Siwema. Zamani gani yenye kompyuta? Zamani yangu. Ukitaka yako, tunga.

Ndani ya kompyuta kuna kidude, ukubwa wake kama ukucha wa dole gumba. Hicho ndicho kinachopiga hesabu. Waliosoma wanakiita prosesa. Mimi sikuvuka darasa la pili, nakiita akili.

Sasa, kando ya mto aliishi Bi Nungunungu, shimoni, na watoto wake wanne. Wachanga, miba yao bado laini kama nywele. Asubuhi moja Korongo akaja kutoka milimani, puru puru puru, akatua.

"Huko juu mvua imenyesha siku tatu," akasema. "Nimepima maji kila daraja. Vipimo hivi hapa."

Bi Nungunungu akashika kifua. Akibaki, na maji yakafika, watoto watazama. Akihama, njiani kuna Fisi, na Fisi anapenda miba laini. Mwaka jana alihama kwa uvumi. Mto haukupanda, na Fisi akamla mtoto mmoja. Siku ile aliwaomba wenzake wamsindikize. Wakamwambia, "Tusindikize uvumi? Lete hesabu kwanza."

Basi akaziba mlango wa shimo kwa majani, akabeba vipimo, akapanda mbio kwa Mzee Nguchiro, mlimani, apigiwe hesabu kama maji yatafika shimoni, na saa ngapi. Mzee Nguchiro alikuwa na kompyuta ya zamani. Imepauka, haina kifuniko, matumbo yote nje. Prosesa yake ina kichwa kimoja tu.

"Itamaliza lini, mzee wangu?"

"Itamaliza ikimaliza."

Mara akaingia Kima, amekumbatia kompyuta mpya. "Shikamoo mzee. Hilo gofu lizime. Prosesa yangu ina vichwa vinane, vinapiga hesabu kwa pamoja."

"Marahaba. Vinane. Na ukijumlisha na cha kwako, bado ni vinane."

"Tuzishindanishe basi."

Wakazipa vipimo vilevile, kwa wakati mmoja. Lakini Kima aliipenda mno kompyuta yake. Nailoni ya dukani hakuitoa, isije ikaingia vumbi. Juu ya nailoni akatandika kitambaa cha kufuma, chenye maua, kazi ya mama yake. Juu ya hicho akatandika kingine. Mnacheka. Na redio zenu nyumbani zimevaa nini?

Ya zamani ikaanza: tiki, tiki, tiki.

Ya Kima ikaanza: trrrrrrrr.

Mzee Nguchiro hajameza funda la pili la chai, ya Kima imeshafika nusu. Kima akarukaruka. "Umeona, mzee?"

Kisha, trrr. Kisha, trr. Kisha, tr. Kisha kimya.

Ya zamani: tiki, tiki, tiki.

"Vichwa vinane vimelala," akasema Mzee Nguchiro. "Au vinangoja uji?"

"Inafikiri."

"Hata wewe ukikosa jibu husema hivyohivyo."

Kima akaipiga kofi. Tr. Akaipiga jingine. Kimya.

Bi Nungunungu hakucheka. Alikuwa anausikiliza mto huko chini, guu, guu. "Mzee wangu, yako imefika wapi?"

"Robo."

"Na jua?"

Mzee Nguchiro akatazama nje. Jua lilikuwa utosini. Akaweka kikombe chini.

Bi Nungunungu akaigusa ile mpya. Akauondoa mkono upesi. "Kima, mwanangu, hii ina homa."

"Kompyuta haiumwi, mama."

"Nimelea kumi na mmoja, homa naijua. Mtoto akichemka, wewe unamwongezea blanketi?"

"Nikiifunua itaingia vumbi."

"Vumbi utafuta. Mimi nikizika watoto wanne, nitafuta nini?"

Hakungoja jibu. Akageuka, akaipa kompyuta mgongo, miba ikasimama. Charrr! Kitambaa cha kwanza. Charrr! Cha pili. Nailoni nayo, chwaa. Vyote vikaning'inia mgongoni kwake kama nguo kwenye kamba. Kima akafumba macho.

Kompyuta ikavuta pumzi, vuuuuu. Ikapoa, ikapoa. Halafu trrrrrrrrr. Kima anafumbua macho, jibu liko mbele yake: alasiri, maji yataingia shimoni.

Hesabu imepatikana, nani tena wa kukataa kusindikiza? Wakateremka mbio. Kima akabeba watoto wawili, Mzee Nguchiro mmoja, mama mmoja. Korongo akatangulia juu. Fisi akauona msafara, akajifanya anakagua mawingu.

Hawajapumzika kule mlimani, wakasikia guuuuuu. Mto ukaingia shimoni, ukakuta nyumba tupu.

Bi Nungunungu akawahesabu watoto. Mmoja, wawili, watatu, wanne. Akawahesabu tena. Wanne. Ndipo akakaa, akashusha pumzi aliyoibana tangu asubuhi. Fuuuu. Watoto wakamlalia, na wao hawajui hata walichoponea.

Jua linazama, ile ya zamani ikasema tiki, ikatulia. Mzee Nguchiro akachungulia. "Njooni muone. Jibu lilelile. Haikukosea hata nukta."

"Haikukosea, mzee wangu," akasema Bi Nungunungu. "Imenieleza vizuri kabisa maji yaliyoko kitandani kwangu."

Mzee Nguchiro akacheka kwanza, ndipo wengine wakathubutu.

Funzo ni hili, nalisema mara moja. Ukipima cha zamani na kipya, vipime katika hali moja. Kisha jiulize kazi yako inataka jibu saa ngapi. Na kitu ukikipenda, kiache kipumue.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipotua mzigo. Mwenye yake na asimulie, mimi mdomo umechoka.