Ruka Hadi Swali la Kumi na Tisa

Jumatano, tarehe kumi na tano Mei, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mtafiti mmoja alikuwa na makala thelathini. Aliitwa Dakta Elihaika, na kwa miaka kumi na miwili alikuwa ameandika juu ya afya ya akili ya akina mama waliojifungua. Chuoni kwake mwenye makala thelathini huomba uprofesa. Mwenye ishirini na tisa husubiri. Ya thelathini ilikuwa imekubaliwa wiki iliyotangulia, na mwisho wa kupokea maombi ulikuwa kesho yake saa sita mchana.

Alibakiza sharti moja katika jalada la maombi yake. Watu waliohojiwa lazima wasomewe majibu, na mmoja wao atie sahihi kwamba wamesomewa. Sharti hilo alikuwa ameliahirisha miaka minne. Basi asubuhi hiyo alisimama katika ukumbi wa zahanati moja ya milimani, mbele ya wanawake arobaini na mmoja, akawasomea: kati ya akina mama mia nne na sita wa tarafa yao, mia tatu na themanini walikuwa na utulivu wa moyo. Akaongeza kwamba makala kumi na moja zilitokana na majibu hayo.

Wanawake wakatazamana.

"Utulivu gani tena, Dakta?" akauliza mama mmoja wa nyuma. "Kwani mlituuliza nini?"

Akawasomea swali la kwanza kama lilivyoandikwa: Habari za moyo wako tangu ujifungue? Chini yake palikuwa na visanduku viwili, nzuri na mbaya. Pembeni palikuwa na agizo kwa anayehoji: akijibu nzuri, ruka hadi swali la kumi na tisa. Maswali ya usingizi, ya kilio na ya kutotaka kuishi yalikuwa kuanzia la pili hadi la kumi na nane. La kumi na tisa liliuliza nyumba imeezekwa kwa nini.

"Ehee!" akasema yule wa nyuma. "Mbona leo tumekuuliza habari za safari, ukasema nzuri, na matope yamekufika magotini?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwanamke aliyeketi karibu na mlango, Bi Mwantumu, hakucheka. Alingoja wenzake wanyamaze.

"Dakta, mlipokuja kuniuliza ilikuwa siku ya nne tangu nimzike mtoto. Nilisema nzuri kwa sababu ndivyo salamu inavyojibiwa. 'Ila' yangu ilikuwa njiani, na ninyi mkaniuliza bati au nyasi."

Tangu utotoni Dakta Elihaika alijua kwamba hata matangani mtu akiulizwa habari husema nzuri kwanza, kisha ndipo husema ila. Wasomi wa ng'ambo waliozipitisha makala zake hawakulijua hilo. Walisoma nzuri kwa lugha yao, na kwa lugha yao neno hilo huishia hapo. Yeye alizijua lugha zote mbili, na swali lile alikuwa ameliandika kwa dakika tano.

Wakati Dakta anakusanya karatasi zake, Bi Mwantumu alimfuata mezani. Akasema, "Lete nikutilie sahihi, umetoka mbali." Akatia. Mgeni harudishwi mikono mitupu.

Kwa hiyo jalada likakamilika. Makala zilikuwa thelathini, sharti limetimizwa, na chuoni hakuna ambaye angeuliza zaidi. Njia nzima ya kurudi, muda wa saa tano, Dakta Elihaika alilipakata jalada hilo.

Alhamisi, saa mbili kamili asubuhi, aliketi akaandika barua kumi na moja kwa wahariri, akaeleza kosa lake katika kila moja, akaomba makala zile ziondolewe. Kisha akaifungua orodha yake, akafuta mistari kumi na mmoja, akazipa zilizobaki namba upya, moja hadi kumi na tisa. Saa sita ilimkuta angali mezani pake.

Nasi wenye orodha ndefu za mema tuliyowatendea watu: ingebaki mistari mingapi kama wangesomewa wenyewe?