Mlinzi wa Ghala na Mfuko Mtupu

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba palikuwa na mji mmoja ukingoni mwa jangwa la Sham ambao watu wake walikuwa na haya kupita kiasi. Maskini wao alikuwa radhi alale na njaa kuliko kuonekana akinyoosha mkono, na tajiri wao aliiogopa riya, yaani kutenda wema ili aonekane, hata akawa anatoa sadaka kama mtu anayeiba. Kwa ajili ya watu wa namna hii, wacha Mungu wa mji ule walijenga ghala la chakula ubavuni mwa msikiti, wakaliwekea utaratibu ambao mimi sijausikia kwingine.

Kila aliyeingia ghalani aliingia peke yake, na mfuko wake ukiwa umejaa na kufungwa mdomo. Aliyekuja kutoa aliujaza shayiri, dengu au tende. Aliyekuja kuchukua aliujaza nyasi kavu. Huko ndani, mtoaji alimimina chakula chake mtungini, kisha akajaza nyasi mfukoni na kutoka nazo. Mchukuaji naye alimwaga nyasi zake pembeni, akajaza chakula kadiri ya haja yake. Basi kila mtu aliingia na mfuko uliotuna na akatoka na mfuko uliotuna, na mwenye kukaa njiani kuchungulia mambo ya watu aliondoka na kuchoka tu. Kwa njia hiyo watu wengi walipona njaa, na heshima zao zikabaki mahali pake.

Ufunguo wa ghala alikabidhiwa mja mwema aitwaye Handhala. Kazi yake ya kumpatia riziki ilikuwa kukandika kuta za nyumba kwa udongo, na kazi yake ya kutafuta radhi za Mola ilikuwa hili ghala. Kila baada ya swala ya alasiri alifungua mlango, akaketi nje akiwa ameupa mgongo, ili hata yeye asijue nani ametoa na nani amechukua. Watu walipokwisha aliingia kufagia. Alikuwa amekula kiapo kwamba kilichomo ndani hatakisema kwa kiumbe yeyote.

Kisha ukaja mwaka wa ukame. Mvua ikakatika, visima vikatoa tope, na njaa ikaingia nyumba ambazo haikuwahi kuzijua. Watu wakaenda ghalani kwa wingi, kila mmoja na mfuko wake umetuna kwa nyasi. Na hapo ndipo wale wenye nafasi, waliokuwa na akiba nyumbani, walipokosea kosa ambalo watu wa mji mwingine wasingelikosea. Waliiona mifuko iliyojaa ikiingia ghalani kila alasiri, wakasema: Alhamdulillahi, mwaka huu watu wanatoa kuliko wakati wowote. Basi wao wakaacha kutoa.

Handhala alipoingia kufagia alikuta nyasi zimefika darini, na shayiri mitungini imeshuka karibu na vumbi la chini. Moyo ukamuuma. Lakini kiapo kilimfunga ulimi, na alichelea kwamba akisema ghala linakwisha, watu wataanza kuulizana ni nani aliyekuwa akibeba nyasi. Akatosheka kuwaambia waumini baada ya swala, "Ndugu zangu, msilisahau ghala."

Mughira, mfumaji wa mazulia ambaye alikuwa na neema, akatabasamu. "Ya Handhala, macho tunayo. Mlango wako haupumziki, na mifuko inataka kupasuka. Mimi akiba yangu nimeiweka nyumbani mpaka wengine watakapochoka."

Handhala akarudi nyumbani kwake. Na huko nyumbani ndiko ulikokuwa mtihani wake mkubwa. Katika ukame nani atapoteza maji kwa kukanda udongo? Hakuna aliyemwita kazini, na akiba yake ilikuwa imekwisha zamani. Mkewe Lubaba alikuwa na mtoto mchanga mapajani, maziwa yamemkauka kifuani, na mtoto amefika hali ya kulia bila sauti. Handhala alikuwa akirudi kila siku na ufunguo wa ghala kiunoni na mikono mitupu.

Siku hiyo Lubaba alimtazama, kisha akamwuliza kwa upole, "Mume wangu, ufunguo huo ni wa ghala la nani?"

"La wenye njaa."

"Na sisi ni akina nani?"

Handhala akainamisha kichwa. "Mimi ni mwenye amana, Lubaba. Mwenye amana hali katika amana."

"Amana uliyopewa ni kumfungulia mwenye njaa. Mwenye njaa huyu hapa nimempakata, nawe umemfungia mlango."

Handhala akakaa kitako, machozi yakimlengalenga, akasema lililokuwa moyoni hasa. "Wenzangu wote wana stara. Mimi mji mzima unajua kwamba sina kazi. Nikiingia na mfuko umetuna, hata kipofu atajua ni nyasi. Nitaonekana."

"Kumbe ndilo hilo," Lubaba akasema. "Miaka yote unawaambia watu kwamba kuchukua si aibu. Ulikuwa ukiwaambia jambo usiloliamini?"

Handhala alisimama akatawadha kwa maji kidogo yaliyokuwapo, akaswali, akamwomba Mola wake amwondolee kiburi alichokuwa akikiita uaminifu. Alipotoa salamu likamjia jambo lililokuwa wazi siku zote ila hakuliona. Kiapo chake kilikuwa juu ya siri za watu na kilichomo ghalani. Juu ya njaa ya nyumba yake mwenyewe hakuwahi kuapa.

Siku ya pili yake ilikuwa Ijumaa. Waumini walipotoka msikitini baada ya swala ya alasiri walimwona Handhala akielekea ghalani na mfuko mtupu begani, unaning'inia kama nguo iliyoanikwa. Mughira akacheka kidogo. "Handhala, leo umesahau kuujaza."

"Sikusahau. Nakwenda kuchukua."

Watu wakasimama. Handhala naye akasimama, akawageukia. "Siri ya mtu mwingine haitatoka kinywani mwangu mpaka nifukiwe. Yangu ni hii, naitoa mwenyewe. Nyumbani kwangu hakuna chakula. Mke wangu amekaukiwa maziwa, na mwanangu amekosa nguvu ya kulia. Nimekuwa nikiona haya kuwaambieni, na haya hiyo imekaribia kuniulia mtoto."

Kisha akajitokeza Nuaim, mfanyabiashara wa mafuta ya zeituni, ambaye watu walikuwa wakimwombea dua kwa ukarimu wake, maana alionekana ghalani kila siku na mfuko mkubwa kuliko yote. Alikuwa nao mkononi. Akaufungua mdomo, akaugeuza juu chini mbele ya mlango wa msikiti, nyasi zikamwagika miguuni pake.

"Msafara wangu ulipotea jangwani," akasema. "Nina watoto wanaokula mara moja kwa siku kutokana na ghala hili. Msiniombee dua ya wakarimu. Niombeeni ya wenye shida."

Mughira aliitazama mifuko mingine iliyotuna mikononi mwa watu waliomzunguka. Akaelewa. Uso wake ukabadilika, na akataka kusema jambo, lakini akalimeza. Hakuna aliyemwambia mwenzake afungue mfuko wake, na hilo lilihesabiwa kuwa miongoni mwa mema ya watu wa mji ule. Wenye akiba waliondoka kimya kimya, kila mmoja na njia yake. Kabla jua halijatua, mitungi ya ghala ilikuwa imejaa, na Mughira alikuwa amekwenda na kurudi mara nyingi hata viatu vyake vikakatika.

Handhala alichukua shayiri kiasi cha haja ya nyumba yake. Lubaba akapika uji, akanywa, na baada ya siku chache maziwa yakarudi. Mtoto akalia usiku kucha mpaka majirani wakalalamika, na Handhala akawa anamshukuru Mola kwa kila kelele.

Utaratibu wa mifuko haukuvunjwa, kwani stara ni neema. Waliongeza jambo moja tu, nalo ni kwamba mlinzi alifunguliwa kiapo chake kwa neno moja. Kila Ijumaa alisimama akasema, "Ghala limeshiba," au akasema, "Ghala lina njaa." Hakutaja mtu. Watu wakajua la kufanya.

Imepokewa kwamba Handhala alipofikiwa na mauti, waja wema walimzunguka wakamwuliza, "Katika amali zako zote, ni ipi unayoitarajia zaidi mbele ya Mola wako?" Walidhani atasema uaminifu wake juu ya ghala kwa umri mzima, au swala zake. Akasema, "Ile siku niliyochukua."

Ndugu zangu, sote twapenda kuwa katika safu ya wanaotoa, maana huko mtu hutoka na heshima na dua za watu. Lakini mja huyu aliificha njaa yake kwa kutaka heshima, na kumbe pamoja nayo alikuwa ameificha njaa ya mji mzima. Alipoisema, watu walikula. Mwenyezi Mungu atupe mkono usio mzito kutoa, na atupe pia ulimi usioona haya kusema, "Leo kwangu hakuna."