Mraba Mtupu wa Isunga

Katika siku za Mtemi Nsungwa wa Pili, Isunga ilipokuwa na nyumba arobaini na nne tu, na mto Mwisi ukipita mashariki yake wala si magharibi kama upitavyo leo, alizaliwa Kalunde binti Mihambo, mwana wa Lugendo, mwana wa yule Ng'wandu aliyewatoa wazee wetu katika nchi ya njaa. Jina lake ni Kalunde. Watu wa bondeni wanaomwita Kalundi walilipokea vibaya, na jina la mtu kama huyu halifai kupokewa vibaya.

Husemwa kwamba alizaliwa kiganja kimefumba donge la udongo mwekundu. Alipokuwa msichana alibeba peke yake, kutoka machimboni hadi uwanja wa mtemi, mzigo wa udongo ambao wanaume wawili walikuwa wameubwaga njiani, na alipoutua aliusaga kwa viganja vyake mpaka ukawa laini kama unga wa uwele. Kwa hiyo wakamwita Mkono Usiotetemeka, na Mtawala wa Rangi Tatu, yaani nyekundu ya udongo, nyeupe ya chokaa na nyeusi ya masizi.

Desturi ya Isunga wakati ule ilikuwa kwamba kila mavuno yakiisha, ukuta wa mbele wa kila nyumba ulichorwa sura za wote waliolala humo, kila mtu na kazi yake: mganga na kibuyu chake, mfinyanzi na chungu chake, mhunzi na mivukuto yake. Hakuna aliyechora sura kama Kalunde. Alichora kovu, alichora jino lililotoka, alichora namna mtu anavyoinamisha shingo anaposema uongo. Mbwa walitikisa mikia mbele ya kuta zake. Mwanamume mmoja aliyekuwa safarini miaka mitatu alirudi jioni akaamkia ukuta, akakasirika kwa kuwa mkewe hakuitikia.

Aliyemchanganyia rangi alikuwa Mwalu binti Sengo, mwenzake wa utotoni, mjane mwenye mtoto mmoja tu, mhunzi aitwaye Masele. Wawili hao walikula chungu kimoja, na katika sura zote za Isunga, iliyompendeza Kalunde kuliko zote ilikuwa ya Masele, kwa kuwa aliichora huku mama yake ameshika bakuli la rangi na kumkosoa.

“Pua umeipunguza,” Mwalu alisema siku ile.

“Nimemhurumia.”

“Usimhurumie. Pua ni ya babu yake. Irudishe.”

Akairudisha.

Basi ng'ambo ya Mwisi alitawala Lukumbuzi, mtemi mwenye askari wengi na chuma kidogo. Isunga ilikuwa na wahunzi kumi na saba, na siri ya Isunga ilikuwa kwamba mgeni hakuonyeshwa mhunzi. Tanuri zilikuwa msituni, na mhunzi akirudi nyumbani alikuwa mtu kama watu wengine. Wakaja wageni sita wa Lukumbuzi na magunia ya chumvi, wapole, wasiouliza neno juu ya chuma. Waliuliza juu ya kuta tu. Walisimama mbele ya nyumba ya kwanza wakashika vinywa, na mkubwa wao akasema kwamba kwao hakuna mkono kama huu, wala hawajausikia.

Kalunde alilewa maneno hayo. Kwa siku mbili aliwaongoza wageni nyumba kwa nyumba, akiwaonyesha kidole kwa kidole, huyu fulani, huyu fulani, tazameni kovu hili alilipata wapi. Wahunzi walikuwa wamechorwa na mivukuto yao, kama ilivyokuwa desturi, na hakuna mtu katika Isunga aliyewaza kwamba siri iliyofichwa msituni ilikuwa imebandikwa mlangoni, kwa sababu kuta zile zilikuwa zetu, na macho yetu yalizichukulia kuwa ni za ndani. Nyumba ya Mwalu aliiweka mwisho, kama mtu anavyoweka nyama mwisho wa mlo.

Mwezi haukuisha. Alfajiri moja askari wa Lukumbuzi waliingia Isunga bila kelele, hawakutafuta, hawakuuliza, walikwenda mlango kwa mlango kama watu wanaorudi kwao, wakachukua wahunzi tisa, na Masele alikuwa wa tisa.

Watu walilaumu mizimu, wakalaumu mbwa kwa kutobweka, wakamlaumu Mtemi Nsungwa kwa kupokea chumvi. Hakuna aliyemlaumu Kalunde. Yeye alijua siku ileile, na akanyamaza. Alinyamaza msimu mzima wa kupalilia, na kunyamaza kwake kulikuwa kuzito kuliko ule mzigo wa udongo, maana mzigo ule aliutua. Kila asubuhi alipopita, alimwona Mwalu amesimama mbele ya ukuta wake akiipa sura ya Masele uji, akiupaka kwa kidole mdomoni mwake, akimwambia habari za jana. Na kila asubuhi Mwalu alimgeukia akasema, “Mwenzangu, Mungu akubariki mkono. Ungemchora vibaya ningebaki na nini?”

Habari zikaja kwamba Lukumbuzi anawataka wahunzi wanane waliobaki. Ndipo Kalunde alipoona kwamba kuta zote lazima zifutwe, na ukuta wa Mwalu pamoja nazo, kwa kuwa Lubinza, mhunzi na shemeji yake Masele, aliyeponea tanurini alfajiri ile, alichorwa ubavuni pa Masele, bega kwa bega, na ukimfuta mmoja mkono wa mwingine unabaki.

Alikwenda akapiga magoti mlangoni.

“Mama Masele, ni mimi niliyewaonyesha.”

“Ulionyesha nini?”

“Watu wetu. Siku mbili. Mwanao nilimweka mwisho, wamkumbuke zaidi.”

Mwalu aliliweka chini bakuli la uji. Kisha akasema, “Na sasa umekuja kufanya nini?”

“Kumfuta.”

“Basi mfute, binti Mihambo. Umeanza, maliza.”

Tangu siku ile hakumwita mwenzangu tena. Kalunde alimfuta Masele kwa kiganja chake mwenyewe, na wasimulizi wote wamekubaliana kwamba ile pua ndiyo iliyokuwa ya mwisho kutoka.

Lakini nyumba yenye ukuta mtupu Isunga ilikuwa nyumba ya msiba, na watu hawakukubali kukaa katika misiba arobaini na minne. Walitaka kuta zao. Kalunde akajaribu kuchora watu wasiotambulika. Akaondoa macho, wakatambulika. Akaondoa uso, wakatambulika. Akamchora Lubinza kwa pembetatu moja chini na duara moja juu, akamwita mkewe, naye akacheka kwa mara ya kwanza tangu uvamizi.

“Huyu ni Lubinza.”

“Umemjuaje?”

“Nani mwingine Isunga ana mabega ya kunguru?”

Akafuta tena. Akauacha mkono wake, akashika kigingi na kamba. Kigingi kilimpa duara, na kamba iliyochovywa masizi, ikavutwa na kuachiliwa ukutani, ilimpa mstari ulionyoka ambao hakuna shingo ya mtu inayonyooka hivyo. Siku arobaini alipunguza, mpaka pembetatu haikuwa bega la mtu, duara halikuwa kichwa cha mtu, mraba ukawa mraba, na nyekundu ikakaa kando ya nyeusi kwa sababu ya nyeusi tu. Kisha akaivusha mistari kutoka nyumba hadi nyumba, hata jicho likianza kufuata mmoja halikujua nyumba imeishia wapi.

Wazee walisema kuta hazina watu. Kalunde alitamka neno lililobaki: “Watu wamo ndani. Ukuta si kazi yake kuwataja.”

Askari wa Lukumbuzi walipokuja mara ya pili, alfajiri vilevile, waliingia nyumba za vikongwe, waliingia nyumba moja mara mbili, walisimama uwanjani wakigeuka huku na huku kama kuku waliofungwa mguu, na jua lilipotoka Isunga ikawaangukia kwa mikuki na nyundo. Mkubwa wao, yuleyule wa chumvi, alipofungwa alisema, “Tulikuja kutafuta watu, tukakuta mistari.” Na alipoulizwa habari za wale tisa alisema wanane wako hai, wanafua chuma; wa tisa, mwenye pua ndefu, alikataa kuvuka kivuko, akauawa pale ukingoni.

Isunga ilipiga ngoma siku tatu. Mkono Usiotetemeka alibebwa mabegani, na alipopitishwa mbele ya nyumba ya Mwalu aliomba ateremshwe, akapita kwa miguu.

Siku ya nne Mwalu alimwita.

“Amekufa. Hakuna wa kumchukua tena. Nirudishie uso wake.”

Kalunde alisimama mbele ya ukuta tangu asubuhi hadi jua la utosi. Mkono uliinuka, ukachora mstari. Ukainuka tena, ukachora mstari. Mistari minne ikakutana ikawa mraba, na ndani yake hakuweza kuweka hata nukta.

“Mama Masele,” alisema, “nimemsahau. Nilijifunza kusahau ili wengine wapone, na sasa sijui njia ya kurudi.”

Mwalu aliutazama mraba ule. “Mimi sijamsahau,” alisema. “Uache hivyohivyo mtupu. Na uende zako.”

Kalunde alikwenda kweli. Alichukua kamba yake, kigingi chake na mfuko wa rangi, akavuka Mwisi peke yake pale pale kivukoni alipofia Masele, na hakuna jicho la Isunga lililomwona tena. Lakini katika miaka miwili iliyofuata wale wahunzi wanane walirudi, mmoja mmoja, wamekonda, na wote walisimulia neno moja: kwamba walitoroka wakifuata majabali, na kwamba kila njia ilipogawanyika, jabali moja lilikuwa na pembetatu nyekundu kwenye mstari mweusi, alama ambayo watu wa Lukumbuzi waliipita bila kuona chochote, na mtu wa Isunga aliisoma kama anavyosoma mlango wa mama yake. Jabali la mwisho kuchorwa, lililokuwa karibu kabisa na boma la Lukumbuzi, rangi yake ilikuwa imeachwa katikati, mstari haukumalizwa.

Ndiyo maana kuta za Isunga hadi leo hazina sura ya mtu, na mchoraji wetu haongozi mgeni kuonyesha kazi yake hata akisifiwa namna gani. Huingia ndani akafunga mlango. Na kando ya kila mlango huachwa mraba mmoja mtupu.

Nyumba ya ukoo wa Sengo tu ndiyo yenye miraba miwili. Mwalu alipozeeka na macho yake kuanza kwenda, aliwaita wachoraji akawaamuru waweke wa pili, mdogo, ukigusa ule wa kwanza kwenye pembe moja. Wakamwuliza kama ni wa Kalunde, na kama amemsamehe. Alijibu la kwanza tu.

“Ni wa binti Mihambo,” alisema. “Chokaa iwe ileile.”