Sweta Lililoishia Kwenye Kiwiko

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja, fundi cherehani, huko nyanda za juu kwenye baridi, ambako mtoto huandaliwa sweta kabla hajapewa jina. Nyinyi mnawajua mafundi. Unampelekea mita nne, unamwuliza kilichobaki, anakuapia kwamba hakikubaki hata cha kufutia miwani. Jumapili unamkuta mwanawe kapendeza kwa kitambaa kile kile. Huyu hakuwa wa hivyo. Kila kipande kilichobaki alikuomba kwanza, ukimpa anashukuru, anakitia kapuni.

Kwa vipande hivyo alishona mifuko. Kina mama wa pale walikutana kila Alhamisi kanisani kufuma masweta, na kila mmoja alikuja na kazi yake ndani ya mfuko wa plastiki uliotoboka, sindano zinachungulia nje, uzi umezoa majani njia nzima. Fundi akawaonea huruma. Akaunganisha kitenge cha huyu na gauni la yule, akatia bitana nene sindano zisitoboe, akapitisha kamba ya kukazia mdomo. Kila mwanamke akapata mfuko wa kuwekea kazi yake ambayo bado haijaisha.

Jirani yake, binti aliyeolewa karibuni na mwenye mimba ya kwanza, aliupenda wake mno. Humo alikuwa na sweta la njano alilomfumia mtoto. Mimba ilipofika mwezi wa nane, sweta lilibaki mkono mmoja tu, nao ulikuwa umefika kwenye kiwiko. Kisha mtoto akazaliwa, wala hakulia.

Nani kati yenu hajui tunayoyasema siku kama hiyo? Wakamwambia, "Maji yakimwagika hayazoleki." Wakamwambia, "Wewe bado kijana, Mungu atakupa mwingine." Baada ya wiki tatu yule jirani akauchukua mfuko, akampelekea fundi.

"Dada, mpe mwenye kazi," akasema. "Mimi sina tena cha kuweka humu."

Alipoondoka, fundi akaulegeza mdomo wa mfuko, akakuta sweta limo, na sindano bado imo kwenye mishono. Jamani, moyo ulimwuma. Alimpenda yule binti kama mdogo wake wa tumbo moja, akawaza, nimfanyie nini huyu? Sasa mafundi wana ugonjwa wao: hawawezi kuona kitu kimeachwa nusu. Akaketi siku mbili, akaumalizia ule mkono, akatia vifungo vitatu, akalipiga pasi. Likapendeza kwelikweli. Akalirudisha mfukoni, akavuka njia na kwenda kumpa.

Je, alitenda vibaya? Wengi wetu tungempigia makofi.

Jirani akalitoa sweta, akalitazama. Akapitisha kidole juu ya mkono wa kwanza, akapitisha juu ya mkono wa pili. Uso wake ukabadilika.

"Dada, mimi nilikuwa nimefika hapa katikati," akasema polepole. "Mshono wa mwisho niliufuma asubuhi ile. Alikuwa anacheza tumboni, nikaweka sindano chini nimsikilize. Sikumsikia tena. Hapa ndipo nilipoachana naye, dada. Sasa sipaoni."

Fundi angeweza kujitetea, maana nia yake ilikuwa njema, Mungu anajua. Hakujitetea. Akaketi mkekani, akalichukua lile sweta.

"Nisamehe, mdogo wangu," akasema. "Njoo tupatafute."

Akavikata vifungo vyake vitatu. Akaanza kuifumua kazi yake mwenyewe, mstari kwa mstari. Yeye hufuma kwa kulegeza, mwenzake hufuma kwa kukaza, kwa hiyo vidole viliweza kujua ni kazi ya nani. Jirani akawa anashika na kusema, "Bado." Wakafumua tena. "Bado kidogo." Kisha akamshika fundi mkono.

"Hapo," akasema. "Basi."

Wakairudisha mishono kwenye sindano wakilia wote wawili, wala hawakufichana. Fundi akaliweka sweta mfukoni, akakaza kamba, akauweka mfuko mapajani mwa mwenzake.

"Huu niliushonea kazi ambayo haijaisha," akasema, "halafu mimi mwenyewe nikasahau. Kaa nayo. Hata isipoisha kabisa."

Alhamisi iliyofuata jirani alikuja na mfuko wake mapajani. Hakuufungua. Kina mama wakamsogezea nafasi kwenye benchi, wakaendelea kufuma.

Sasa tuje kwetu sisi. Sisi tuna haraka na machozi ya watu. Mtu hajamaliza hata kulia, tumeshamfumia mkono wa pili: jikaze, yatapita, Mungu ana makusudi yake. Na vifungo tunatia. Tunafanya hivyo kwa upendo? Ndiyo. Lakini tuseme kweli: tunafanya hivyo pia kwa sababu kilio cha mwenzetu kinatuchosha, tunataka kiishe ili sisi tupumzike. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na Mungu wetu ni mzazi. Yeye hamharakishi mtu.

Nami sijitoi. Mwaka huu nimesimama makaburini mara nyingi, na kila mara nilikuwa mwepesi wa kumalizia. Mmoja wenu aliniambia pale mlangoni, "Mchungaji, siku ile ungenyamaza tu." Nilikasirika, nikaenda nyumbani nimekasirika. Leo namwambia mbele yenu wote: ulisema kweli, nisamehe.

Kwa hiyo leo simpi mtu neno la faraja. Yuko mtu benchini kwako ambaye kwake msiba haujaisha, na unamjua. Tukitoka, nenda ukakae naye. Akinyamaza, nyamaza. Na akilitaja jina la marehemu wake, usibadilishe mazungumzo.